Lango, Usafiri na Hatimiliki: Somo kutoka Bustani ya Burudani ya Glen Echo

Mtoto aliyepelekwa kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK hurudi nyumbani na mambo mawili akilini: ng'ombe wa maziwa mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, na bembea ya mzunguko. Bembea hiyo ni jukwaa la mviringo lenye farasi wa kuchonga. Mtoto hupanda farasi, muziki hulia, jukwaa huzunguka, na mzazi husimama pembeni akipunga mkono. Maonyesho yakiisha, mitambo hufunguliwa, hupakiwa kwenye malori na kupelekwa mji mwingine. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba ilikuja kwa siku chache tu.

Bustani ya burudani ya kudumu ni jambo tofauti. Huzoeleka. Watu hufunga ndoa huku wakikumbuka siku waliyokutana hapo, na wakipata watoto huwapeleka palepale. Ikifungwa huacha majengo, huacha ardhi, na huacha swali ambalo kila kaunti nchini Kenya itakutana nalo siku moja: je, mahali hapa sasa ni pa nani?

Katika toleo hili, ukurasa wetu wa mafunzo ya uraia unavuka bahari hadi kaunti ya Montgomery, katika jimbo la Maryland nchini Marekani. Huko, kando ya mto Potomac, karibu na jiji kuu la Washington, palikuwa na bustani ya burudani iliyoitwa Glen Echo. Ilivuma kwa miongo mingi, ikafungwa baada ya msimu wa 1968, na nusura ardhi yake ipotee. Tumeichagua kwa sababu historia yake inaonyesha wazi mambo matatu yanayoamua kama uwanja wa burudani utaishi au utakufa: nani anaruhusiwa kupita langoni, watu wanafikaje hapo, na hatimiliki ya ardhi iko mikononi mwa nani.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, Sehemu ya Pili, linazipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, burudani ya umma na huduma za umma, zikiwemo bustani za kaunti, fuo na viwanja vya mapumziko.

Ilianza kama mahali pa masomo

Glen Echo haikuanza kama mahali pa michezo. Mwaka wa 1891 ndugu wawili, Edwin na Edward Baltzley, walifungua hapo kituo cha Chautauqua. Hilo lilikuwa vuguvugu la elimu ya watu wazima lililoenea Marekani wakati huo. Familia zilikuja kusikiliza mihadhara, kuimba, na kujifunza sayansi na dini zikiwa nje ya mji. Ndugu hao walijenga ukumbi mkubwa na mnara wa mawe, na wakatarajia kuuza viwanja vya nyumba kuzunguka kituo chao.

Mpango huo ulidumu msimu mmoja tu. Ulienea uvumi kwamba eneo hilo lilikuwa na malaria, wanunuzi wa viwanja wakatoweka, na mwaka wa 1893 uchumi wa Marekani ukaporomoka. Kabla ya karne kwisha, sehemu ya uwanja ilikuwa imekodishwa kwa ajili ya burudani. Mnara wa mawe ulibaki, na ungali umesimama hadi leo.

Hapa tayari kuna somo dogo. Matumizi ya ardhi hubadilika. Mahali palipotengwa kwa elimu pakawa pa burudani, na baadaye, kama tutakavyoona, pakarudi kuwa pa elimu. Mabadiliko yenyewe si dhambi. Jambo la msingi ni nani anayekaa mezani yanapoamuliwa.

Miaka ya tramu

Mwaka wa 1911 Glen Echo ilinunuliwa na kampuni ya tramu na umeme ya Washington, Washington Railway and Electric Company. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Siku za kazi tramu zilijaa watu waendao ofisini na viwandani, lakini jioni na Jumapili zilikwenda tupu. Kampuni nyingi za tramu Marekani zilitatua tatizo hilo kwa kuweka bustani ya burudani mwisho wa reli. Abiria alilipa nauli kwenda na kurudi, na katikati akatumia pesa zake bustanini.

Mbinu hiyo ilifaulu. Mwaka wa 1921 ilifungwa bembea ya mzunguko iliyotengenezwa na kampuni ya Dentzel ya Philadelphia. Ilikuwa na wanyama 52 wa mbao waliochongwa kwa mkono: farasi 40, sungura wanne, mbuni wanne, twiga, simba, chui milia na paa. Mwaka uo huo ilijengwa reli ya vigari vinavyopanda na kushuka kwa kasi huku abiria wakipiga mayowe. Ukumbi wa vigari vya kugongana ulifuata 1923. Mwaka wa 1931 lilifunguliwa bwawa la kuogelea lililoitwa Crystal Pool, lenye ufuo wa mchanga pembeni na nafasi ya waogeleaji 3,000. Miaka miwili baadaye ukafunguliwa ukumbi wa dansi, Spanish Ballroom, uliotosha wachezaji 1,800. Bendi mashuhuri za wakati huo zilipiga muziki hapo.

Tukumbuke lakini kwamba ardhi hiyo yote ilikuwa mali ya kampuni. Kwa mkazi wa kawaida ilionekana kama mahali pa umma, kwa kuwa matangazo ya redioni na magazetini yalimkaribisha kila mtu. Kisheria ilikuwa mali ya mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeamua nani aingie.

Lango halikuwa la wote

Walioingia walikuwa Wazungu. Watu weusi walizuiwa, ingawa tramu iliyokwenda Glen Echo ilipita katika jiji lenye maelfu yao. Wazee wetu walioishi enzi ya ukoloni hawahitaji kuelezwa maana yake. Wanakumbuka hoteli na vilabu vya hapa Kenya ambako Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa mpishi au mhudumu, si mteja.

Tarehe 30 Juni 1960, kundi la wanafunzi, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Howard kilichoko Washington, lilikwenda Glen Echo. Walikuwa wamejiunga katika chama walichokiita Nonviolent Action Group, yaani kundi la kutenda bila vurugu. Weusi na Wazungu walikuwa pamoja. Lango lilikuwa wazi, kwa sababu tiketi hazikulipiwa mlangoni bali kwa kila mchezo. Baadhi ya wanafunzi weusi waliingia wakiwa na tiketi walizonunuliwa na rafiki yao Mzungu, wakaenda hadi kwenye bembea ya mzunguko, wakapanda farasi wa mbao na kukaa.

Bembea haikuwashwa. Mlinzi aliwajia, akawaambia kwamba watu weusi hawaruhusiwi na kwamba wakikataa kuondoka watakamatwa. Wanafunzi watano walibaki wameketi juu ya wanyama wao wa mbao. Walikamatwa na kushtakiwa kwa kuingia katika mali ya mtu bila idhini. Mmoja wao, Gwendolyn Greene, ambaye baadaye alijulikana kama Gwendolyn Britt, alikuja kuchaguliwa kuwa seneta wa jimbo la Maryland.

Maandamano yaliendelea langoni majira yote ya joto. Jirani na bustani kulikuwa na mtaa wa Bannockburn, ambao wakazi wake wengi walikuwa Wayahudi. Wengi wao walitoka majumbani na kujiunga na wanafunzi. Walishika mabango juani, wakaleta maji na chakula, na watoto wao waliokuwa wamezoea kwenda kuogelea Crystal Pool wakasusia. Wafuasi wa chama cha Kinazi cha Marekani nao walikuja kupinga, wakasimama upande mwingine na mabango yao ya chuki. Waandamanaji hawakurudi nyuma. Kabla ya msimu wa 1961 kuanza, wamiliki wa Glen Echo walikubali kufungua lango kwa watu wa rangi zote.

Beji ya kaunti mahakamani

Kesi ya wale wanafunzi watano ilipanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Inajulikana kama Griffin dhidi ya Maryland, kwa jina la William Griffin, mmoja wa washtakiwa. Uamuzi ulitolewa tarehe 22 Juni 1964.

Sehemu hii inafaa kusomwa kwa makini na kila anayefanya kazi katika serikali ya kaunti, akiwemo mwandishi wa makala haya. Mlinzi aliyewakamata wanafunzi alikuwa ameajiriwa na kampuni binafsi ya ulinzi, na mshahara wake haukutoka serikalini. Hata hivyo, kwa ombi la wenye bustani, kaunti ya Montgomery ilikuwa imemwapisha kuwa naibu maalumu wa sherifu. Siku ile alivaa beji ya unaibu huo, akajitambulisha kama afisa wa kaunti, na kuwakamata watu kwa mamlaka hayo.

Majaji waliona kwamba hilo lilibadilisha kila kitu. Mtu aliyepewa mamlaka ya serikali na kuyatumia anatenda kwa niaba ya serikali, hata kama analipwa na mtu binafsi. Kwa hiyo ubaguzi wa mwenye mali ulikuwa umegeuka kuwa ubaguzi wa serikali yenyewe, na Katiba ya Marekani haikuuruhusu. Hukumu dhidi ya wanafunzi ikafutwa. Siku kumi baadaye, Julai 2, 1964, Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa sahihi, ikapiga marufuku ubaguzi katika hoteli, mikahawa na kumbi za burudani kote nchini humo.

Nchini Kenya, Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza serikali na mtu binafsi pia kumbagua mtu kwa misingi ya rangi, kabila, jinsia, dini, ulemavu na mingineyo. Mahali pa umma panapolindwa na askari wa kaunti, sare hiyo ni ya wakazi wote. Haipaswi kutumika kumfukuza mtu kwa sababu nguo zake ni chakavu au kwa sababu lafudhi yake ni ya mbali.

Usafiri ulipokatika

Ungedhani kwamba baada ya lango kufunguliwa, Glen Echo ingejaa pomoni. Kwa miaka michache mambo yalikwenda. Lakini jambo jingine lilikuwa limetokea kimya kimya. Januari 1960, miezi michache kabla ya wanafunzi kupanda farasi wale, tramu ya kwenda Glen Echo ilifanya safari yake ya mwisho. Bustani iliyojengwa ili ijaze tramu ikabaki bila tramu. Mwenye gari alifika, na asiye na gari alitegemea basi.

Udhaifu huo ulionekana Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa 1966. Umati mkubwa, wengi wakiwa vijana weusi kutoka jijini, ulikuja kusherehekea sikukuu. Kukazuka vurugu, wenye bustani wakafunga mapema, na vijana wengi wakajikuta nje ya lango bila mabasi ya kuwarudisha. Wengi walirudi Washington kwa miguu. Njiani mali iliharibiwa, na magazeti yakaandika habari hizo kwa herufi kubwa. Familia nyingi ziliogopa kurudi, mapato yakashuka, na baada ya msimu wa 1968 bustani haikufunguliwa tena.

Wapo waliosema Glen Echo ilikufa kwa sababu lango lilifunguliwa kwa watu weusi. Maelezo hayo hayatoshi. Bustani za aina hiyo zilikuwa zikifungwa kote Marekani miaka hiyo. Steeplechase Park ya Coney Island ilifungwa 1964, Riverview ya Chicago 1967, na Palisades ya New Jersey 1971. Watu walikuwa wamehamia vitongojini na kununua magari na televisheni. Bustani mpya kubwa za mfano wa Disneyland, iliyofunguliwa 1955, zilijengwa kando ya barabara kuu. Ardhi ya bustani za zamani ilikuwa imepanda bei, na wenye bustani hizo wakaona faida zaidi katika kuuza kuliko katika kuzungusha farasi wa mbao.

Farasi wauzwa, majirani wachanga

Bustani ikifungwa, mitambo huuzwa moja baada ya nyingine. Ndivyo ilivyokuwa Glen Echo. Mwaka wa 1970 ikafika zamu ya bembea ya mzunguko. Ilipata mnunuzi wa mbali, na ilikuwa karibu kufunguliwa na kusafirishwa.

Majirani walisikia. Wakiongozwa na Nancy Long, mkazi wa Glen Echo, walianzisha mchango. Kwetu tungeiita harambee. Walihitaji dola 80,000 ili kuirudisha bembea, na muda waliopewa ulikuwa kama mwezi mmoja. Walizipata. Wanyama wote 52 walibaki mahali walipowekwa mwaka wa 1921.

Tusiipite hatua hii haraka. Majirani hao hawakuwa na uwezo wa kununua bustani nzima. Walichagua kitu kimoja ambacho kila mtu alikipenda, wakakiokoa. Kitu hicho kikawa sababu ya kuokoa mengine, kwa kuwa bembea ya mzunguko haina maana ikisimama katikati ya maghorofa ya kupangisha. Tena, hii ni bembea ileile ambayo wanafunzi watano walikamatwa wakiwa wameikalia. Ingepelekwa mbali, ushahidi wa siku ile ungekwenda nayo.

Ardhi yarudi kwa umma

Mwenye ardhi alikuwa na mpango wa kuiendeleza kwa majengo. Mwaka wa 1971 serikali ya kitaifa ya Marekani iliipata kwa kubadilishana naye: ilimpa kiwanja cha hospitali ya zamani katikati ya jiji la Washington, nayo ikachukua Glen Echo. Ardhi ikawekwa chini ya idara ya hifadhi za taifa, National Park Service. Tangu hapo haijawa tena mali ya mtu binafsi.

Hatimiliki ya umma peke yake haikutosha. Majengo yalikuwa makuukuu na pesa za matengenezo hazikupatikana kwa urahisi. Wasanii waliruhusiwa kufanya kazi hapo na kufundisha, nao wakaleta uhai: ufinyanzi, uchoraji, michezo ya kuigiza ya watoto, dansi. Ukarabati wa bembea ulianza 1983 na kumalizika 2003. Miaka 20 ilipita mafundi wakikwangua tabaka za rangi na kurudisha sura ya kila mnyama. Mwaka huohuo wa 2003 ukumbi wa dansi ulifunguliwa tena baada ya kukarabatiwa kwa fedha za serikali ya kitaifa, jimbo la Maryland na kaunti ya Montgomery. Mwaka mmoja kabla, kaunti ilikuwa imesaidia kuunda shirika lisilo la faida la kuendesha shughuli za kila siku.

Kwa hiyo kaunti ambayo beji yake ilitumika kuwatoa wanafunzi juu ya farasi wa mbao mwaka wa 1960, miaka 42 baadaye ilikuwa mshirika katika kuwalinda farasi haohao kwa ajili ya kila mtoto. Reli ya vigari vya kasi haipo. Bwawa la kuogelea halipo, umebaki mlango wake tu. Lakini watu wanacheza dansi, watoto wanajifunza, na bembea inazunguka.

Hapa Kenya

Sisi pia tuna historia ya kulinda mahali pa mapumziko. Mwaka wa 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement aliandika barua kwa ofisi za serikali na kwa wafadhili, akapinga hadharani, akatukanwa na wanasiasa, lakini hakunyamaza. Wafadhili walijiondoa na mpango ukafa. Miaka 21 baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba tunayoitumia leo ilizinduliwa katika bustani hiyohiyo. Kama jumba lile lingejengwa, sherehe ingetafutiwa uwanja mwingine.

Katiba hiyo imetupa nyenzo ambazo Profesa Maathai hakuwa nazo. Kifungu cha 62 kinasema kwamba ardhi ya umma inayotumiwa na kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Haiwezi kuuzwa wala kubadilishwa matumizi nje ya utaratibu wa sheria. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Hata hivyo sheria haijisomi yenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Viwanja vingi vya umma vilivyonyakuliwa nchini vilikuwa havina hatimiliki, havina ua, na havina mtu wa kuuliza.

Hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua

Kwanza, jua hali ya kiwanja cha karibu nawe. Uwanja wa michezo, bustani ya watoto, ufuo, au mahali pa maonyesho: je, umesajiliwa kwa jina la nani? Utafutaji rasmi hufanywa katika ofisi ya ardhi. Pia unaweza kuomba habari kutoka ofisi ya umma kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi hiyo inapaswa kukujibu ndani ya siku 21.

Pili, soma matangazo ya mipango ya ardhi. Mtu anapoomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, tangazo hutolewa kwa umma. Unayo haki ya kupinga kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Muda huo ukipita, kazi ya kupinga huwa ngumu zaidi.

Tatu, hudhuria vikao vya bajeti. Bustani isiyotengewa fedha huanza kufa siku hiyo. Kila kaunti huwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukitaka taa, choo, ua au njia ya kiti cha magurudumu katika uwanja wa wadi yako, sema kabla ya tarehe hizo. Msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi watakueleza kikao kitafanyika wapi.

Nne, uliza kuhusu usafiri. Mradi wowote wa burudani unapojadiliwa, uliza mkazi asiye na gari atafikaje, na baada ya jua kutua atarudije nyumbani. Glen Echo iliangushwa na swali hilo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tano, andika ombi rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti na kwa Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yao. Barua moja yenye sahihi za majirani 30 ina uzito kuliko malalamiko ya mwaka mzima kwenye kibanda cha chai.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika wadi yetu, ni mahali gani ambapo mtoto anaweza kucheza bila kulipa na bila kufukuzwa?

2. Je, watu wenye ulemavu, wazee na wasichana wanapatumia mahali hapo kwa uhuru? Kama sivyo, kizuizi ni nini?

3. Hatimiliki ya mahali hapo iko wapi, na nani amewahi kuiona?

4. Kama mahali hapo pangefungwa mwezi ujao, ni kitu gani kimoja ambacho majirani wangekubali kukichangia ili kisiondoke?

Vikundi vya vijana, vyama vya akina mama na walimu wa shule wanakaribishwa kutumia makala haya katika mijadala yao. Majibu ya swali la tatu, hasa, tungependa yafike katika ofisi ya msimamizi wa wadi kwa maandishi. Majirani wa Glen Echo walikuwa na mwezi mmoja tu wa kuokoa farasi wao. Sisi tunao muda zaidi ya huo, ilimradi tuanze kabla ya mnunuzi kufika.